Wapiga picha wa Kamakis wajue sheria kama wanavyoijua kamera

WAPIGA picha wanaochuma riziki katika vilabu na maeneo ya nyama choma ya Kamakis, mjini Ruiru, wamo katika njia panda. Teknolojia imewarahisishia kazi, ila sheria inayolinda sura ya mtu imewatwika wajibu ambao hauwezi tena kupuuzwa.

Kamakis, iliyo kando ya barabara ya Eastern Bypass katika kaunti ya Kiambu, inajulikana mbali kwa nyama choma na burudani za usiku. Kila mwisho wa wiki wateja humiminika huko kutoka Nairobi, Thika na Juja. Na palipo na karamu hapakosi kamera.

Enzi za filamu, mpiga picha alikuwa na mikanda ya picha 36 na alimtoza yule aliyesimama mbele ya lenzi. Mteja alilipa kwa sababu hakuwa na kamera yake. Leo kila mtu ana simu yenye kamera, na biashara hiyo imefifia. Badala yake, anayelipa mara nyingi ni mwenye kilabu, anayetaka picha za wateja wake wakifurahia ili azipachike Facebook na Instagram na kuwavutia wengine.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo: anayelipia picha si yule anayeonekana katika picha.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilifuata, na kwa mujibu wake picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Anayetaka kuitumia kibiashara anahitaji idhini ya wazi ya mhusika.

Kwamba sheria hiyo si ya kupamba rafu lilidhihirika mnamo Desemba 2022, wakati Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipoitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya Sh5 milioni, katika kesi ya picha ya mtu iliyowekwa Instagram bila idhini yake. Septemba 2023 ilikuwa zamu ya kilabu cha Casa Vera Lounge cha Nairobi, kilichotozwa Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wakati huo huo, shule ya Roma iliyoko Uthiru ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Wapo watakaodai kwamba anayeingia kilabuni amekubali kuonekana. Hoja hiyo haina mashiko. Kuonekana na walioketi meza ya pili si sawa na kugeuzwa tangazo la biashara mbele ya maelfu ya watu usiowajua, wakiwemo mwajiri, jamaa na waumini wenzako. Ni kweli kwamba sheria inalegeza masharti kwa kazi za uanahabari, fasihi na sanaa zenye manufaa kwa umma, lakini tangazo la kuvutia walevi haliwezi kujificha chini ya mwavuli huo.

Je, kitumbua cha wapiga picha kimeingia mchanga? La hasha. Ufundi wenyewe unaweza kuwaokoa. Simu ya kawaida hushindwa na giza, taa za rangi na moshi wa jiko. Mpiga picha hodari anajua kufungua lenzi, kupandisha ISO kwa kiasi, na kuelekeza mwanga wa flashi kwenye dari au ukuta mweupe ili usichome nyuso. Akipunguza kasi ya kamera na kuituliza imara, wanaocheza densi hugeuka mawimbi ya rangi yasiyomtambulisha yeyote, ilhali meza na taa zikibaki dhahiri. Mikono ya mchomaji juu ya makaa, kisu kikikata mbavu kwenye ubao, umati ukipigwa kutoka nyuma: hizo ni picha zinazouza Kamakis bila kumwanika mtu.

Pale nyuso zinapohitajika, njia ni moja: kuuliza kwanza, kueleza picha itaenda wapi, na kuweka jibu katika maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Mteja ana haki pia ya kubadili nia, na akifanya hivyo picha iondolewe.

Maandishi hayo hayo yamlinde mpiga picha mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa mtunzi hakimiliki ya kazi yake, ila kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, haki hiyo huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wawe wamekubaliana vingine. Kwa hivyo kijana anayepiga picha usiku kucha kwa mapatano ya mdomo anaweza kuamka asubuhi akiwa hana haki ya kuuza hata moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenye vilabu nao wasimwachie mpiga picha mzigo wote. Faini ya kilabu cha Nairobi ilimwangukia mwenye biashara, na sheria inaruhusu adhabu ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea kiwango kilicho cha chini. Bango mlangoni ni mwanzo mwema, lakini halitoshi kuwa idhini.

Afisi ya Kamishna, kwa upande wake, ipeleke mafunzo mashinani, Ruiru na Thika, kabla ya kupeleka barua za faini. Vijana hawa wanajiajiri, na wengi wao hawana wakili wa kuwasomea vifungu. Wakifunzwa mapema, watahifadhi heshima ya wateja na ugali wao pia.