Miguu Iliyokwisha Kuoshwa Nyumbani

Nilipokuwa mtoto, mtumishi alikuwa mtu wa jikoni. Aliamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao, na jina lake lilitajwa pale tu kitu kilipopotea. Siku hizi, ukitangaziwa kanisani kwamba mtumishi amewasili, huna budi kusimama. Mtumishi hufunguliwa mlango wa gari. Hubebewa mkoba na Biblia yake. Huketishwa mbele, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, na chupa ya maji huwekwa mkononi pake na mtu ambaye hakuna amwitaye mtumishi.

Ndugu msomaji, jambo hili linanikera, nami nataka kulisema wazi. Silisemi kwa kumwonea mtu wivu, wala si mtu wa nje anayechungulia dirishani. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Meza kuu nimeila, tena mara nyingi kuliko nilivyostahili. Ninayemshtaki humu ni mimi mwenyewe pamoja na wenzangu, na ushahidi ninao.

Tuanze na lugha yetu. Kitenzi ni kimoja tu, kutuma. Humo tumempata mtume, tumempata mtumishi, na tumempata mtumwa. Watatu hawa ni ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja ana aliyemtuma, na kazi anayoifanya si yake. Sisi tumewatenganisha. Mtume tumempandisha mbinguni, mtumwa tumemwacha katika vitabu vya historia, na mtumishi tumemvika suti. Tumesahau kwamba Yesu, alipowakuta wanafunzi wake wakishindana nani mkubwa, hakuwaambia waache kutamani ukubwa. Aliwaonyesha mahali ulipo: chini, kwa yule anayewahudumia wote. Jibu hilo lingali linatutia kiwewe, ndiyo maana tunalizungukia kwa vyeo.

Wala ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Papa Gregori wa Kwanza, aliyeshika kiti hicho mwaka 590, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Nadhani alikusudia kujishusha kweli. Lakini jina lile lilidumu baada yake, likawa miongoni mwa majina rasmi ya mapapa, likaandikwa juu ya hati zao nzito. Jina la unyenyekevu likageuka kuwa cheo. Basi tusidhani kwamba kubadili majina peke yake kutatuokoa. Binadamu ana kipaji cha kutengeneza kiti cha enzi hata kwa gunzi.

Sasa nieleze yaliyonipata. Kanisani kwetu kuna desturi, siku ya Alhamisi Kuu, ya kuwaosha miguu watu kumi na wawili kwa kukumbuka alichofanya Bwana usiku ule. Mwaka mmoja nilichaguliwa kuwa miongoni mwa hao kumi na wawili. Nilifurahi sana. Jioni ile nilikaa uani na beseni la maji ya moto, sabuni na jiwe la kusugulia. Nikasugua visigino mpaka vikang'aa, nikakata kucha, nikapaka mafuta, kisha nikavaa soksi mpya nilizonunua kwa ajili hiyo. Tulipofika kanisani na kuvua viatu, niliwatazama wenzangu kwa siri. Kila mmoja alikuwa amefanya kama mimi. Miguu ishirini na minne ilipangwa pale mbele, na hapakuwa na hata mmoja uliohitaji maji. Mchungaji akapita na jagi na taulo jeupe, akamwaga matone kadhaa, akafuta. Mpiga picha alikuwa anatusubiri.

Baadaye nilisoma kwamba katika karne ya 16 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza naye aliwaosha miguu wanawake maskini siku hiyohiyo. Ila kabla hajawafikia, miguu ile ilikuwa imekwisha kuoshwa mara tatu na watu wake, tena kwa maji yaliyotiwa manukato. Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Malkia alihitaji watu wa kumtangulia. Mimi kazi hiyo niliifanya mwenyewe, uani kwangu.

Lakini hayo bado si ushahidi wenyewe. Mtaani kwetu aliishi mama mmoja, mtu mzima kunizidi, aliyekuwa akimuuguza kaka yake. Kaka huyo alipata kiharusi, akapooza upande mmoja. Alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, na dada yake ni mdogo kama kinda la kuku. Mgonjwa wa aina hiyo ni lazima ageuzwe mara kwa mara, usiku na mchana, la sivyo mgongo huoza. Mama huyo alimgeuza, alimwosha, alimbadilisha shuka, alimlisha uji kwa kijiko. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Jumapili hakuonekana kanisani, na katika baraza la kanisa tuliwahi kumjadili, nasikitika kusema, kama mshiriki aliyelegea katika imani.

Usiku ule wa Alhamisi Kuu nilikuwa napita mlangoni pake kwenda nyumbani kula upesi, nirudi kwenye mkesha. Akatoka barazani, akaniita. "Baba, nishikie huku kidogo nimgeuze. Leo mkono umenikataa." Niliisikia harufu iliyotoka ndani. Nikaitazama kanzu yangu nyeupe. Nikamwambia kwamba nawahi mkesha, nitamtuma kijana wa nyumbani. Hakununa. Alinijibu, "Haya baba, nenda ukasali."

Nilikwenda kusali. Miguu yangu ilikuwa misafi. Kijana wa nyumbani nilimkuta amelala, nikaona vibaya kumwamsha.

Kaka yule alifariki wakati wa masika. Msibani nilipewa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya kanisa, nami nikasema vizuri mno. Nilizungumza juu ya utumishi, nikamsifu marehemu, nikawashukuru wageni waliotoka mbali. Mama yule alikuwa ameketi mkekani pamoja na akina mama wengine, anaangalia chini. Sikuweza kumtazama. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia neno mtumishi likitajwa kwenye kipaza sauti, nasikia sauti ya barazani: nenda ukasali.

Wapo watakaosema kwamba ninapima kwa kipimo kikali, na kwamba mambo ya kujitoa kabisa ni ya watakatifu wa kale. La hasha. Gulu, kaskazini ya Uganda, si mbali nasi, na mwaka 2000 si zamani. Mwaka huo ugonjwa wa Ebola ulilipuka huko. Dakta Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, alikuwa masomoni Kampala. Alirudi Gulu, akawa miongoni mwa wa kwanza kuutambua ugonjwa huo. Watu 425 waliugua katika mlipuko ule, na 224 wakafa. Wauguzi wa Lacor nao walikufa, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa Ebola humpata zaidi yule anayemsafisha mgonjwa, anayefuta damu na matapishi. Wenzao wakaingiwa na hofu, na nani angewalaumu? Lukwiya alikuwa mkubwa wao. Angeweza kutoa amri akiwa ofisini. Badala yake aliingia wodini pamoja nao, akawahudumia wagonjwa kwa mikono yake, wakiwemo wauguzi wake mwenyewe. Mwishoni mwa Novemba aliambukizwa, na tarehe 5 Desemba 2000 akafariki, akiwa na umri wa miaka 43.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1989 waasi walipovamia hospitali ile kuwateka masista, alisimama akataka achukuliwe yeye badala yao, wakaondoka naye porini. Amezikwa palepale Lacor, karibu na Dakta Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada aliyefika huko mwaka 1961. Mama huyo aliambukizwa virusi vya UKIMWI katika kuwapasua majeruhi wa vita, akaendelea na kazi kwa miaka kadhaa baada ya kujua, akafariki mwaka 1996.

Simtaji Lukwiya ili tukate tamaa kwa ukubwa wa tendo lake. Namtaja kwa sababu ya kile alichokuwa akikifanya hasa. Ukiondoa hatari yake, ni kazi ileile ya yule mama wa mtaani kwetu: kumgeuza mgonjwa, kumfuta, kutomkimbia. Usiku ule mimi sikuombwa kufa. Niliombwa kushika upande mmoja wa shuka.

Sasa nijibu hoja mbili ninazozisikia kila mara.

Ya kwanza husema kwamba viongozi wasipoheshimiwa, kanisa litavurugika. Mimi sipingi heshima. Mpe mchungaji kiti, na akiwa mzee mpe mto wa kuegemea. Ninachopinga ni kuitumia heshima kama ngome ya kumkinga na kazi. Katika habari ya usiku ule, aliyevua vazi lake na kujifunga taulo ndiye hasa waliyemwita Bwana na Mwalimu. Hakukana kwamba yeye ni Bwana. Heshima yake haikupungua kwa kuinama, na miguu aliyoiosha ilikuwa ya watu waliotembea kwenye vumbi. Tena alimwosha na Yuda, akijua anakokwenda. Sisi tunawachagua kumi na wawili wanaopendeza kwenye picha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na huitoa wale waliochoka. Husema kwamba mahubiri ya unyenyekevu huwaangukia walio chini tayari. Mama anaambiwa atumike, binti wa kazi anaambiwa avumilie, masikini anaambiwa asitamani makuu; wakubwa wanaitikia amina na kuendelea kula. Ndugu zangu, hoja hii ni ya kweli, nami naikubali yote. Ndiyo maana nasema tumekuwa tukihubiri kinyumenyume. Yesu hakumwagiza mtumishi wa nyumba ile awe mnyenyekevu zaidi. Yeye mwenyewe, aliye juu, alishuka. Utumishi wa Kikristo huanzia kwa mwenye nguvu na kumwendea asiye nazo. Mtu anayemhubiria unyenyekevu yule aliyekwisha kulemewa, huku yeye hagusi mzigo hata kwa kidole, hahubiri Injili. Anajitafutia mtumwa wa bure. Yule mama hakuhitaji somo letu la upendo. Alihitaji mikono miwili mingine, na katika baraza letu tulikuwa wazee kumi na mmoja, yaani mikono ishirini na miwili.

Basi napendekeza nini? Mapendekezo yangu ni madogo, hata yanaweza kuchekesha. Kwanza, asiitwe mtumishi mtu ambaye hakuna anayeweza kueleza ni nani anayemtumikia, na wapi. Pili, ile ibada ya Alhamisi Kuu ihamishiwe majumbani. Wazee waende na beseni kwa wale wasioweza kuinama wala kuinuka, na kamera ibaki kanisani. Tatu, orodha ya zamu. Tunayo orodha ya zamu ya kusoma masomo, ya kukusanya sadaka, ya kupokea wageni. Tuwe na orodha ya zamu ya kuwageuza wagonjwa, na majina ya wazee wa kanisa yatangulie, kuanzia la mwenyekiti.

Nililitoa pendekezo hili la tatu barazani. Lilipokewa kwa makofi, kisha likapelekwa kwenye kamati ndogo, na huko liko hadi leo. Mzee mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akaniambia kwamba kazi hizo zina wenyewe, ni za Umoja wa Mama. Nilimwuliza kama Petro na Yohane walikuwa wanachama wa Umoja wa Mama. Tangu hapo hatusalimiani kwa uchangamfu kama zamani.

Kwa yule mama nilikwenda, nimechelewa kama mtu anayefika sokoni usiku. Nilimwomba radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema hakumbuki kama niliwahi kumkatalia jambo. Sijui kama alisahau kweli, au ndiyo namna yake ya kunisamehe, au alizoea mno kukataliwa hata hakuhesabu tena. Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Nikamwuliza kama kuna kazi yoyote. Akanipa ndoo, akanionyesha bomba lilipo.

Ndoo ile ilikuwa nzito, na njia ina kilima. Wapita njia walinisalimu, "Shikamoo mzee wa kanisa," wakishangaa. Mmoja alitaka kunipokea. Nilikuwa karibu kumpa, kwa mazoea. Halafu nikaikaza mikono.