Tahadhari: Tairi za Mbele Zikidunda, Ondoa Mguu

Ukikanyaga mafuta kutoka kusimama na sehemu ya mbele ya gari ikaanza kudunda, usukani ukatetemeka mikononi na dashibodi ikagongagonga, ondoa mguu. Usisubiri gari litulie lenyewe, wala usiongeze mafuta kwa kudhani litashika barabara mbele kidogo. Ondoa mguu papo hapo. Kila dundo ni pigo linalopita kwenye jointi, shafti, maunti za injini na meno ya giaboksi, na mapigo hayo huja kama kumi hivi kwa sekunde moja.

Onyo hili linawahusu wenye magari yenye nguvu yanayovutwa na tairi za mbele: Golf GTI, Focus ST, Civic Type R, Megane R.S., Mazda 3 MPS na yanayofanana nayo. Nitakaa zaidi kwenye Golf GTI, maana ndiyo vijana wengi wa Nairobi na Mombasa wanayoitafuta, na ndiyo inayofanyiwa kosa ninalotaka likomeshwe kabla halijawa desturi ya kila gereji.

Kosa lenyewe ni hili. Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika ilimradi lisizidi miaka 8. Gari linaposhuka bandarini kutoka Japani au Uingereza, injini yake inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mpira wote unaoishikilia injini hiyo na miguu ya gari umeshazeeka. Umepita katika baridi na joto, umelowa mafuta, umevutwa na kukandamizwa miaka yote hiyo. Mwenye gari analichukua, analipeleka kuremapu ndani ya wiki ya kwanza, na alasiri moja tu nguvu inaongezeka kwa kompyuta. Mpira haukuguswa. Jioni hiyo anatafuta barabara iliyonyooka ajaribu lonchi, yaani kuchomoka kwa nguvu zote kutoka kusimama, rafiki anashika simu kurekodi, tairi zinadunda, na watu wanashangilia wakidhani ile ni dalili ya nguvu. Video inasambaa, na mwingine anaiga.

Si dalili ya nguvu. Ni gari linalojivunja mbele ya macho yako.

Tuangalie kinachotokea chini. Injini ya gari la namna hii imelazwa kwa upana. Inapovuta, mwili wake wote hutaka kujigeuza upande wa pili. Katika Golf, maunti mbili za juu, moja upande wa injini na nyingine upande wa giaboksi, hubeba uzito. Ile ya chini, fupi, yenye umbo la mfupa, ndiyo inayozuia injini isijizungushe. Ukikanyaga, tairi hushika lami, shafti hujisokota, mpira wa maunti ya chini hukunjika, na bushi za wishiboni huruhusu gurudumu kusogea mbele kidogo. Nguvu yote hiyo hujikusanya ikiwa imebanwa. Kisha tairi inashindwa, inateleza, na kilichobanwa kinajifungua kwa kishindo. Tairi ikirudi kugusa lami vizuri inashika tena, kila kitu kinajibana upya, kinaachia tena. Hapo gurudumu hutwanga barabara kama mchi kinuni, na kila likitua likiwa linazunguka kwa kasi, shafti hupokea mshituko ambao haikutengenezwa kuuvumilia mara nyingi.

Kwa nini magari haya hasa? Kwa sababu gari likichomoka, uzito hukimbilia nyuma, na tairi zinazovuta ziko mbele. Chukua gari la kilo 1,350, lenye umbali wa mita 2.6 hivi kati ya ekseli zake, na kitovu cha uzito kwenye kimo cha sentimita 55. Likiongeza kasi kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, karibu kilo 140 huondoka kwenye tairi za mbele na kuhamia nyuma. Yaani kadiri unavyodai zaidi, ndivyo tairi zinavyobaki na uzito mdogo wa kushikia. Wakati huohuo Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyotoka 2013, hutoa msokoto wa Nm 350 kiwandani. Gia ya kwanza ikisaidiwa na gia ya mwisho huuzidisha msokoto huo takriban mara 12 kabla haujafika kwenye magurudumu. Piga hesabu: nguvu inayofika chini kwenye gia ya kwanza ni karibu mara mbili ya ile ambayo tairi za barabarani zinaweza kuishika hata kwenye lami kavu. Hilo ni gari lisiloguswa na mtu. Remapu ya kwanza hulivusha Nm 400. Na giaboksi ya DQ250 yenye gia 6, iliyofungwa kwenye GTI nyingi za otomatiki, ilitengenezwa kwa msokoto wa Nm 350.

Watengenezaji wanaujua udhaifu huu wa kuvuta kwa tairi za mbele, na hawakuupuuza. Mazda walipotoa Mazda 3 MPS yenye Nm 380, kompyuta yake ilipunguza msukumo wa tabo kwenye gia za chini. Ford walibuni kishikio maalumu cha gurudumu kwa ajili ya Focus RS ya 2009, na Honda wakaweka mfumo wa aina hiyo kwenye Civic Type R ya 2017. Lengo lao kubwa lilikuwa kuzuia usukani usivutwe upande, lakini ni ushahidi kwamba wahandisi waliiheshimu kazi ngumu ya tairi inayovuta na kupinda kwa pamoja. Fundi wa remapu anapoondoa kizuizi cha gia za chini kwa kubofya mara moja, anaondoa kinga iliyowekwa kwa sababu.

Kinachovunjika kwanza mara nyingi ni jointi za shafti, hasa kama buti linalozifunika lilishapasuka na grisi ikatoka. Baadaye shafti yenyewe. Maunti za maji hupasuka na kumwaga majimaji meusi. Kwenye Golf ya kizazi cha nne yenye giaboksi ya mkono ya 02J, gia kubwa ya difu imeshikwa kwa ribiti, na ribiti hizo zikikatika, vipande hutoboa ganda la giaboksi. Difu ya kawaida ina hatari nyingine: tairi moja ikizunguka peke yake kwa kasi, gia ndogo za ndani hukimbia juu ya pini yao bila mafuta ya kutosha, pini hushika moto, hukatika, na kinachofuata ni kilekile cha ribiti. Mafuta ya giaboksi yanamwagika barabarani, mahali ambapo bodaboda anakuja nyuma yako.

Kuna jambo wengi hawalijui, nalo linaweza kuua. Shafti moja ikikatika au ikichomoka, kuweka gia kwenye P hakushiki gari. P hufunga difu, lakini difu ikiwa na upande mmoja uliokatika huuacha upande mwingine uzunguke ovyo. Gari litaserereka mteremkoni ukiwa umeshuka kuangalia kilichotokea. Vuta breki ya mkono kabla ya kufungua mlango, weka mawe kwenye tairi za nyuma, na usikubali mtu yeyote asimame mbele yake.

Sasa, la kufanya. Kwanza kabisa usiongeze nguvu yoyote kabla mpira haujakaguliwa. Fundi ainue gari, achukue mtaimbo, asukume maunti ya chini na bushi ya nyuma ya wishiboni. Mpira uliochanika, uliojitenga na chuma, au unaovuja, haurudishwi kazini. Avute gurudumu kusikiliza boljointi na tairodi. Apapase ndani ya rimu: grisi pale maana yake buti limepasuka. Aangalie kama kuna unyevu wa mafuta pale shafti inapoingia kwenye giaboksi. Kisha gari likiwa chini, mguu wa breki umekanyagwa sawasawa na hakuna mtu mbele wala nyuma, atoe D aingize R huku boneti ikiwa wazi. Injini ikiruka sana na mlio wa kugonga ukasikika, jibu umelipata bila kulipia kompyuta.

Dawa ya kwanza yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni ile maunti ya chini. Badilisha iliyochakaa kwa mpya ya ubora wa kiwandani, na kama unakusudia kuliendesha gari kwa ukali, ongeza kijazo cha poliurethani kinachopunguza nafasi ya mpira kukunjika. Utasikia mtetemo zaidi gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Hiyo ndiyo bei yake na ni ya haki. Lakini usifanye maunti moja kuwa ngumu kama jiwe ukaacha za juu zimechoka, kwa maana nguvu iliyozuiwa chini itatafuta pa kupita juu. Boliti za maunti hii hukazwa kwa kipimo kisha kwa pembe, zikavutika. Zikifunguliwa hutupwa na kufungwa mpya. Nimeona mafundi wakizirudisha. Hapana. Boliti iliyokwisha kuvutika haina mkazo wa kuaminika tena.

Bushi ya nyuma ya wishiboni ndiyo ya pili. Hapo ndipo gurudumu linapopata nafasi ya kwenda mbele na kurudi, na bushi ngumu kidogo hupunguza kudunda kwa namna inayosikika siku hiyohiyo. Shokapu zilizochoka nazo zibadilishwe zikiwa mbili mbili, kwa kuwa shokapu ndiyo inayotuliza gurudumu lililoanza kuruka.

Tairi zina sehemu kubwa kuliko watu wanavyokubali. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira mkavu wa zamani hushika na kuteleza kwa ghafla, na ghafla hiyo ndiyo huanzisha dundo. Wapo wanaopunguza upepo ili tairi ishike zaidi. Kwenye tairi za mashindano jambo hilo lina nafasi yake. Kwenye tairi laini ya barabarani ubavu hukunjamana na kugeuka springi nyingine, na gari linaweza kudunda zaidi. Anza na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari lako. Rimu kubwa nzito zinazidisha uzito wa gurudumu linaloruka, na kushusha gari kupita kiasi hubadilisha pembe za wishiboni zikawa mbaya kwa kazi hii. Najua zinapendeza. Hazisaidii.

Difu yenye kufunga ni kitu kizuri, lakini ni ya mwisho katika safu, si ya kwanza. Ukiiweka juu ya mpira uliooza, umeongeza tu uwezo wa kuvunja shafti mbili kwa mpigo badala ya moja.

Na uendeshaji wenyewe: nyoosha usukani kabla ya kukanyaga. Usichomoke juu ya mistari ya zebra, kokoto, viraka au lami iliyolowa. Ongeza mafuta polepole gia ya kwanza, na ukanyage kwa nguvu ukishaingia ya pili, wakati kinachofika kwenye tairi kimepungua. Usizime mfumo wa kuzuia tairi zisiteleze barabarani kwa sababu tu lonchi inahitaji uzimwe. Lonchi ni ya uwanjani, si ya Thika Road saa nne usiku huku akina mama wakivuka kutoka kazini.

Anayenunua GTI iliyotumika aulize kama imeremapiwa, na asiridhike na jibu la mdomo. Alama zinaonekana chini: maunti mpya peke yake katikati ya za zamani, shafti moja isiyofanana na mwenzake, ganda la giaboksi lenye gundi. Gari lililodundishwa mara nyingi huuzwa na mtu anayejua kinachokuja.

Nanyi mafundi wa remapu, kwenu nina ombi moja ambalo halitawanyima riziki. Kabla ya kuunganisha kompyuta, inua gari. Maunti ya chini ikiwa imechanika, mwambie mteja arudi akishaibadilisha. Atakasirika leo. Shafti ikikatika akiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, atakayekuwa ndani si yeye peke yake.