Zile Nyota Ukutani ni za Nani?

Siku hizi picha za tishu za binadamu zilizopigwa kwa hadubini zinawekwa fremu na kuuzwa kama mapambo ya ukutani. Tuseme ukweli, zinapendeza. Tishu ikishatiwa rangi maabara inatoka zambarau na waridi, ukiitazama kwa mbali unaweza kudhani ni kitenge. Ila mimi nasema hivi: kipande cha mwili wa mtu kisitundikwe bila maelezo.

Mfano tunao hapa hapa ziwani. Kuna saratani ya watoto ambayo mara nyingi huanzia kwenye taya, na nchi zinazozunguka Ziwa Victoria zinaijua vizuri. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliandika habari zake, na ugonjwa ukapewa jina lake. Kwenye hadubini seli za saratani hiyo hubanana kama giza, na katikati yake huonekana seli kubwa nyeupe nyeupe zinazomeza zile zilizokufa. Madaktari huufananisha mwonekano huo na anga lenye nyota. Itundike getoni kwako Nyegezi, kila mgeni ataisifia.

Sasa hizo nyota ni za nani? Vipande vya uvimbe wa watoto vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani yake. Virusi vikaitwa Epstein-Barr. Daktari ana jina, watafiti wana majina. Mtoto hatajwi popote.

Kuna watakaosema kumtaja mgonjwa ni kutoa siri yake. Sawa kabisa, na jina silidai. Kwa picha mpya nadai ridhaa ya mwenye mwili au mzazi wake. Kwa picha zote, mpya na za zamani, nadai karatasi ndogo chini ya fremu. Sisi tunaosomea ualimu tunajua kuwa picha isiyo na maelezo haifundishi kitu. Andika tu: "Uvimbe wa taya la mtoto. Hukua haraka sana, lakini ukiwahiwa unatibika."

Mgeni wako akisoma hayo, siku akirudi kwao Sengerema au Ukerewe na kukuta mtoto shavu limevimba, hataishia kusema ni jino. Atamwambia mama yake amuwahishe Bugando.