"Haijulikani" Si Jina la Ugonjwa

Leo hakuna vichekesho. Nimekasirika.

Kogo wangu alitokwa na uvimbe shingoni, hapa Kiptere. Akaambiwa ni TB ya tezi. Akameza dawa miezi sita, uvimbe ukazidi kukua. Bonasi ya majani chai ikaishia kwa nauli, karo yangu ya mwaka wa pili ikaingia kwa CT skani. Wale huniuliza kwa komenti mbona niliacha chuo, jibu ndilo hilo.

Mwishowe tukapewa karatasi: saratani imesambaa, chanzo hakijulikani. Mrudisheni nyumbani. Tulimzika Disemba.

Mimi nilidhani sayansi imeshindwa. Kumbe hakuna mtu alitafuta.

Tuelewane. Saratani isiyojulikana ilipoanzia ni kitu halisi. Hata nchi zenye kila mashine huipata, kama wagonjwa 2 hadi 5 katika kila 100 wa saratani. Lakini jina hilo linafaa kutolewa mwisho kabisa. Kwanza mgonjwa akaguliwe mwili mzima, apigwe skani ya kifua, tumbo na nyonga, akatwe kipande cha nyama. Halafu kipande kipimwe kwa imunohistokemia, yaani dawa zinazoshika protini fulani na kuonyesha seli ilitoka wapi. Ni kama lafudhi: mtu akifungua mdomo tu, unajua huyu ni wa Bureti au wa Kisii. Kuna seli zimepoteza lafudhi kabisa, sawa. Lakini za Kogo hakuna aliyezisikiliza. Alidungwa sindano nyembamba, zikatoka chembe kidogo, basi.

Najua kuna mtu atasema, "Ikishasambaa imesambaa, chanzo cha nini?" Buda, chanzo ndicho huamua dawa. Mwanamke akipatikana na aina fulani ya saratani kwa tezi za kwapa, hutibiwa kama mwenye saratani ya matiti. Kuna ya tezi za shingo ambayo hutibiwa kama ya mdomo na koo, kwa upasuaji na mionzi, na wengine hupona. Shingo, jameni. Sisemi Kogo angepona. Nasema hatutawahi kujua.

Na msiniambie huku mashambani haiwezekani. Tenwek, hapo Bomet tu, wametibu saratani ya umio miaka mingi.

Mnakumbuka Julai 2019? Bob Collymore tarehe 1, Ken Okoth tarehe 26, Gavana wetu jirani Joyce Laboso tarehe 29. Wote saratani. Mama Laboso alitibiwa Uingereza na India, na simlaumu, apumzike kwa amani. Nawauliza waliotoa hotuba matangani: leo mgonjwa wa Kiptere akikatwa kipande, anangoja majibu wiki ngapi? Na nani analipa kabla ugonjwa upate jina? Sisi dirishani tuliulizwa jina la ugonjwa kwanza, ndio bima ifanye kazi. Na jina ndilo tulikuwa tunatafuta!

Mkiambiwa "haijulikani", msiinuke kwa kiti. Ulizeni: kipande kilikatwa ama ni sindano tu? Kilifanyiwa imunohistokemia? Kiko wapi sasa? Kipande huhifadhiwa ndani ya nta, na kinaweza kupelekwa maabara nyingine bila mgonjwa kukatwa tena. Ombeni na nakala ya ripoti.

Uvimbe wa shingo ukipita wiki tatu, msingoje kama sisi. Na mtaje MCA wenu hapo chini. Ajibu.