Msiniambie nioshe boti yangu

Kuna swali nimelijibu hadi nimechoka: kwa nini mtu wa Voi anaunda boti? Majirani wangu wa Birikani hucheka wakiuliza, na siwalaumu. Mto Voi miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Mbuzi wanavuka bila kulowesha kwato.

Lakini boti yangu si ya mto huo. Mwaka 1891 Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa na boti ya mvuke iliyoitwa Kenia, yenye gurudumu kubwa la kusukuma maji kule nyuma. Kapteni mmoja Mwingereza, Dundas, alipanda nayo Mto Tana, na mwaka 1892 akaenda nayo Mto Juba. Niliposoma hayo nikasema, maze, kumbe hizi boti za sinema za Mississippi zilipita hapa kwetu Pwani! Nikaanza kuunda ya aina hiyo: urefu sentimita 40, mbao za masanduku ya matunda, nguzo za vijiti vya mishikaki, bomba la moshi la kopo.

Kuijenga kulinichukua miezi mitatu. Sasa sikia shida ilipoanzia. Nilipoipaka mkono wa kwanza wa rangi nyeupe, kila mtu akasema, "Imeisha hiyo, uza." Mimi nikaiangalia nikaona sanduku la keki. Ilikuwa safi mno. Boti ya mto ya wakati ule ilichoma kuni, ikagonga magogo, ikakwama kwenye matope, ikakaa juani mchana kutwa. Boti kama hiyo itang'aaje?

Kwa hivyo nikaanza kuichakaza. Wasee wanadhani kuchakaza ni kumwaga uchafu ovyo. Hapana. Kila doa lazima liwe na sababu. Masizi yanakaa mdomoni mwa bomba na kwenye paa lililo nyuma yake, kwa sababu boti ikienda mbele moshi unarudi nyuma. Kutu inaanza pale maji yanapotuama, kwenye misumari na viungo, kisha inateremka chini kama machozi. Rangi inabanduka mahali kamba inaposugua na mahali watu wanapokanyaga. Matope yanaishia kwenye mstari wa maji. Ukipaka kutu mahali maji hayafiki, umedanganya.

Vipimo navyo vinakusuta. Yangu ni ya kipimo cha 1 kwa 50. Doa la milimita 4 hapo ni sentimita 20 kwenye boti halisi. Ukiteleza kidogo na brashi, umetoboa tundu la kupitisha kichwa.

Vifaa ni vya jikoni tu. Sitaha niliipaka chai ya rangi kali, ikakauka, halafu nikapitisha siki niliyolowekea waya wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu. Mbao ikageuka kijivu kama ya miaka hamsini. Rangi nyeusi niliizimua kwa maji mengi, nikapaka, nikafuta kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini, njia ya mvua. Matope ni udongo wetu mwekundu niliouchekecha, nikauchanganya na jivu, kwa sababu maji ya Tana ni ya kahawia. Mwisho, vanishi isiyong'aa, mkono mmoja mwembamba.

Kabla ya hapo ilibidi niende kuangalia. Nilipanda matatu hadi Taveta, nikafika Ziwa Jipe kuangalia mitumbwi ya wavuvi. Ukingoni, mahali mkono na kasia vinapopita kila siku, mbao imekuwa laini na nyeupe. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Usiku nilizunguka malori yanayolala Voi nikimulika mabati kwa simu, hadi mlinzi mmoja akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Kutu." Akanifukuza.

Basi mteja mmoja wa Mombasa akaona picha Instagram. Akataka kununua kwa Sh6,000, kwa sharti moja: niioshe, niipake upya ing'ae, ya kuweka ofisini. Kodi ya chumba changu ni Sh3,500 na nilikuwa na deni la mwezi. Mwaka jana niliwahi kukubali sharti kama hilo kwa dau la uvuvi. Nilikula hiyo pesa na sijutii. Lakini safari hii nikakataa, na mwenye nyumba bado ananisubiri mlangoni.

Mama ndiye aliyenipa hoja ngumu zaidi. Alisema, "Mwanangu, uchakavu haupakwi. Unafanyiwa kazi. Hiyo boti yako imechoka wapi na haijawahi kugusa maji?" Nikanyamaza siku mbili. Ana haki. Boti yangu haijabeba hata gunia. Lakini jibu langu ni hili: mimi sidai kwamba imefanya kazi. Ninaonyesha kwamba zile zilizofanya kazi niliziangalia vizuri. Rangi inayong'aa haisemi lolote kuhusu waliokata kuni, waliosukuma boti ikikwama, waliosugua sitaha.

Labda linaniuma kwa sababu lingine. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Mjomba hunishauri nikiulizwa niseme "nimeahirisha masomo". Hiyo ni rangi mpya juu ya mbao iliyopasuka. Tumezoea kupigana picha tukiwa safi, gari la kukodi nyuma, na kuficha pale kamba iliposugua. Halafu tunashangaa mbona kila mtu anaonekana kama sanduku la keki.

Na sisi watu wa Voi tungepaswa kujua zaidi. Ndovu wa Tsavo chini ya vumbi ni wa kijivu kama ndovu wengine. Udongo wetu ndio umewapaka wekundu, na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwaona hivyo. Hakuna mtalii aliyewahi kuomba waoshwe kwanza.

Kwa hivyo wewe unayenunua kazi za mkono, kabla ya kusema "ni chafu", muulize fundi kwa nini doa liko pale. Akikosa jibu, mpunguzie bei. Akiwa na jibu, mlipe. Na wewe fundi, usipake doa usilolijua.

Boti yangu iko dirishani, inauzwa. Kila lori likipita, vumbi kidogo linatua kwenye sitaha. Silipanguzi.