Kiranjeranje Si Sikio Tu

Yako maneno ambayo siku hizi hutamkwa katika semina na makongamano kwa sauti ya ushindi. Yasema hivi: kila mwananchi sasa ana simu mkononi, kila mwenye simu ni mwandishi wa habari, na kwa hiyo lile suala la zamani la nani anasema na nani anasikiliza limekwisha. Wanaoyatamka ni watu waliosoma, na baadhi yao wana madaraka. Hata hivyo ni maneno yasiyo kweli. Tena yana madhara, maana yanawapa mapumziko watu ambao hawajastahili kupumzika.

Tuichukue Kiranjeranje. Hii ni kata ya Wilaya ya Kilwa, kusini mwa Nangurukuru, kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Mtumishi wa umma anayesafiri kikazi kwenda kusini huipita akiwa ndani ya basi. Huziona nyumba, miembe, na katika majira yake mashamba ya ufuta, kisha husinzia tena. Watu wa Kiranjeranje husikiliza redio. Wanajua nani ameteuliwa na nani ametenguliwa. Wanajua klabu gani imefungwa jana na kwa mabao mangapi. Lakini ligeuze swali. Je, taifa linajua nini juu ya Kiranjeranje? Nani amewahi kuuliza kule jambo fulani linaonekanaje, kabla halijaamuliwa?

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua kubwa pamoja na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hiyo katika maeneo kadhaa ya Wilaya ya Kilwa. Habari zikajaa: mabasi yaliyokwama, abiria waliolala njiani, malori ya mizigo, mafundi na mitambo. Zilikuwa habari za kweli na za lazima, wala hatumlaumu aliyezitoa. Lakini kwa sehemu kubwa zilikuwa habari za wapita njia. Barabara ilipofunguka, Kilwa ilifungika. Maji yaliyowakwamisha abiria kwa siku chache yalikuwa yamepita pia mashambani, na mwenye shamba hakuwa na basi la kumwondoa pale.

Wazee wa kazi hii ya habari watakumbuka kwamba hoja hii tuliwahi kuipigania mbele ya dunia nzima. Katika miaka ya 1970 nchi zisizofungamana na upande wowote zilidai mpango mpya wa habari wa kimataifa. Zilisema kwamba mashirika machache ya London, New York na Paris ndiyo yanayoamua nini ni habari. Kwamba Mwafrika huonekana katika habari hizo anapokuwa na njaa au anapopinduana. Na kwamba hukaa akisikiliza jinsi anavyosimuliwa na watu wengine. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika madai hayo, na mwaka 1976 ikaunda shirika lake la habari, SHIHATA. Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride ikatoa ripoti yake, na wakubwa hawakuipenda. Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa 1984 na Uingereza mwishoni mwa 1985, na ugomvi huo wa habari ulikuwa miongoni mwa sababu.

SHIHATA ilikwisha vunjwa. Hoja yake haikuvunjwa, ila imeingia ndani ya nyumba. Yale yote tuliyoyalalamikia kwa London, Kiranjeranje inaweza kuyalalamikia kwa Dar es Salaam na Dodoma bila kubadili neno hata moja. Kule nako nini ni habari huamuliwa mbali. Kule nako mtu huonekana anapopatwa na balaa, au anapopanga foleni kumpokea kiongozi. Ubeberu wa habari ukisemwa kwa Kiswahili fasaha haugeuki kuwa jambo jingine.

Atatokea mtu wa kusema kwamba hali imekuwa hivi tangu redio ilipozaliwa. Si kweli. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilitangaza kipindi kila wiki kwa wiki kumi na mbili, lakini redio haikuwa peke yake. Vijijini na makazini viliundwa vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na viongozi hao walizidi 70,000 nchi nzima. Kilikuwa na vitabu vyake vidogo. Na kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa na watu wakaanza kujadiliana: hapa kwetu malaria inatoka wapi, maji yetu tunayateka wapi, nani atachimba choo na lini. Walioshiriki walifikia kiasi cha milioni 2, katika nchi iliyokuwa haina televisheni Bara na ambamo redio ilikuwa mali ya wachache. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa njia hiyohiyo.

Siri ya kampeni zile ni ule muda baada ya redio kuzimwa. Pale ndipo msikilizaji alipogeuka kuwa mwananchi. Na wengi walioongoza vikundi hivyo, msomaji, walikuwa watu wa kada yako: mwalimu wa shule ya msingi, bwana shamba, mganga wa zahanati.

Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa pepo. Mada zilichaguliwa makao makuu. Kikundi kiliweza kujadili choo kichimbwe wapi. Mambo mengine hakikuulizwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na familia nyingi zikahamishwa bila kikundi chochote kukaa na kujadili kama mahali waendako pana maji. Vyombo vilevile vilivyojua kuuliza kuhusu mbu havikujua kuuliza kuhusu nyumba ya mtu. Anayetaka kurudisha vikundi vile leo na avirudishe vikiwa na kile kilichokosekana, yaani njia ya swali kupanda kutoka kijijini hadi kwa anayeamua, na jibu kushuka.

Njia hiyo isipokuwapo, watu hawakai kimya. Wilaya ya Kilwa inalijua hilo kuliko wilaya nyingi. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani kulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, likichapishwa katika shule ya serikali huko Tanga. Dola ilikuwa na simu za waya, maakida na matarishi. Watu wa Umatumbi walikuwa na njwiywila, habari ya siri iliyopita mdomo kwa sikio, kutoka kwa jirani mmoja hadi mwingine. Kwa njwiywila habari ya maji ya Kinjeketile wa Ngarambe ilivuka vilima na mito, na Mjerumani aliyekuwa na mitambo yote hakuielewa hadi Julai 1905, pamba ilipong'olewa Nandete. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita vikaenea hata hivyo, vikafika hadi Songea na kuendelea hadi 1907. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni makumi kwa makumi ya maelfu.

Wale hawakuchagua mnong'ono kwa kupenda. Hawakuwa na baraza ambamo mkulima angeweza kusimama na kusema pamba ya kulazimishwa inamnyima chakula. Lakini mnong'ono una ila moja kubwa: hauulizwi swali. Haukuwako mkutano wa hadhara ambamo mtu angehoji kama maji yale yanaweza kweli kuzuia risasi.

Ruka miaka mia na kidogo, uje kwenye gesi. Gesi ya Songo Songo, ndani ya wilaya hiihii, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba lililopita chini ya bahari na kisha nchi kavu. Lilipokuja suala la bomba la pili, la kutoka Mtwara, wananchi wa kusini walisikia habari zake kama wanavyosikia habari zote, yaani likiwa limekwisha amuliwa. Desemba 2012 waliandamana Mtwara. Januari 2013 ghasia zikatokea huko na Masasi. Tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa ikisomwa Dodoma, na watu wa Mtwara walikuwa wakiifuatilia redioni na kwenye televisheni. Siku hiyo mji uliwaka moto, na watu wakafa.

Wako waliosema wakati ule kwamba wananchi walipotoshwa na uvumi. Huenda uvumi ulikuwapo. Uvumi hauishi mahali ambapo jibu halifiki. Lakini tazama mpangilio wenyewe wa siku ile. Upande mmoja waziri anasoma, upande wa pili mji mzima umetega sikio, na kati yao hakuna hata uzi mmoja wa kurudisha neno. Hotuba ilifika kwa ufasaha wote. Waliofuatilia walijua kila kilichosemwa, na wakajua pia kwamba hakuna aliyesubiri kauli yao. Kwa hiyo anayedhani tatizo la ushiriki huondoka kwa kuongeza minara na vituo vya redio, aitafakari Mtwara. Pale chombo cha habari kilifika vizuri mno.

Na simu? Simu imeongeza kasi ya mnong'ono. Haijaleta baraza. Mwenye simu ya kupapasa na fedha za kununua kifurushi anaona video ya nusu dakika, anamrushia mwenzake, naye anamrushia mwingine. Asiye na fedha za kifurushi anasimuliwa. Mtendaji amefungua kundi la WhatsApp la kijiji, na anaamini ametangaza mkutano. Mwanamke aliyeko shambani tangu alfajiri hana habari na mkutano huo, na kesho ataambiwa kwamba wananchi waliridhia.

Tuje sasa kwenye ufuta, maana hapa ndipo mkulima wa Kiranjeranje anapokutana na habari kama fedha. Zamani kidogo mlanguzi wa kangomba alimfuata shambani mazao yakiwa bado mabichi, akanunua kwa bei aliyoijua yeye peke yake. Utajiri wa kangomba ulikuwa habari: mmoja alijua bei ya mjini, mwingine hakuijua. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuja kuvunja siri hiyo. Ufuta hukusanywa katika chama cha msingi, huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao, na wakulima hupewa nafasi ya kuikubali bei au kuikataa. Mtu aliyewahi kuwaona wakulima wakiikataa bei kwa sauti moja hataamini tena kwamba watu wa vijijini hawajali mambo ya umma. Wana habari kamili, wana haki ya kukataa, basi wanashiriki.

Ila tazama habari hiyo inavyokatwa mkia. Inayotangazwa redioni na kurushwa kwenye simu ni bei ya mnada. Inayoingia katika akaunti ya mkulima ni bei hiyo baada ya makato: usafirishaji, ghala, chama cha msingi, chama kikuu, na ushuru wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara sheria iliupunguza mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Kila kato laweza kuwa halali. Lakini mtangazaji anayesoma bei na kuacha makato amemtangazia mkulima fedha isiyo yake, na siku ya malipo mkulima huyo atauona kila uso wa ofisini kuwa uso wa mwizi. Kutoka hapo hadi kwenye mnong'ono ni hatua moja.

Hapa hatuna haja ya kusubiri sera mpya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike walau kila miezi mitatu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka ofisa ajibu maombi ya taarifa ndani ya siku 30. Kinachokosekana ni karatasi, gundi, na moyo wa mtumishi asiyeona mapato na matumizi ya kijiji kuwa siri ya droo yake.

Walimu nao wasikwepe. Mwalimu ndiye aliyesoma ripoti, anayejua asilimia 3 ya bei ni shilingi ngapi, anayeweza kuandika kwa mwandiko unaosomeka ubaoni. Katika kampeni ya 1973 hakuna aliyemwambia kwamba hiyo si kazi yake. Leo baadhi yao huona aibu kuonekana mkutanoni, wakidhani kukaa kando ndiyo usomi.

Wahariri tunawaambia jambo fupi zaidi. Mwandishi atumwe Kilwa wakati barabara ni nzima. Akae mkutano mzima wa kijiji, hadi mengineyo, arudi na maswali yaliyoulizwa. Kisha maswali hayohayo, kwa maneno ya waliouliza, ayapeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa chama kikuu, kwa wizara, na majibu yachapishwe au yatangazwe kwa ukubwa uleule unaopewa ziara ya kiongozi.

Minada ya ufuta huanza katikati ya mwaka. Siku ya mnada wa kwanza bei itatangazwa, hilo halina shaka. Tunataka kuona, kabla jua halijatua siku hiyo, karatasi yenye kila kato na jina la anayelipwa kato hilo imebandikwa ukutani penye chama cha msingi, kwa urefu ambao mtu mfupi ataweza kuisoma, na chini yake imeachwa nafasi tupu ya kuandika maswali.