Kwa Wenye Wagonjwa wa Akili Majumbani

Watu wa Mvita, liko jambo litendekalo majumbani mwetu, tangu Kibokoni mpaka Kuze na Bondeni, na aibu ndiyo inayolificha. Kijana huugua akili. Halali, husema peke yake, humshuku mama yake kuwa amtilia sumu chakulani. Baada ya kusomewa na kunyweshwa kombe, hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani au Port Reitz huko Changamwe, akaandikiwa vidonge. Wiki kadhaa zikipita hutulia, hula na wenzake, hurudi kazini. Ndipo huja mtu na nasaha yake: "Mwondoleeni madawa hayo, yatamfanya zezeta. Mpeni vitamini." Chupa hupatikana, ama dukani ama katika mzigo wa jamaa aliye Maskati au Dubai, na vidonge vya daktari huwekwa kando.

Hapa ndipo tunapojidanganya. Dawa ikiachwa leo, si lazima ugonjwa urudi leo. Waweza kungoja wiki, hata miezi, ndipo uzuke. Muda huo wote kijana aonekana mzima, na sifa zote hupewa ile chupa. Jirani huambiwa, naye humwambia jirani mwengine. Ugonjwa ukirudi, hakuna aikumbukaye dawa iliyoachwa. Hulaumiwa pepo, au kijicho cha watu, au kijana mwenyewe, naye ndiye asiye na kosa lolote.

Wanaozisifu vitamini wana hoja, tena si ya uongo yote, basi na ijibiwe. Ni kweli uko wazimu uletwao na upungufu wa vitamini. Kusini mwa Marekani, mwanzo wa karne iliyopita, maskini walioishi kwa mahindi walipatwa na pelagra: ngozi ikababuka, tumbo likaharisha, akili ikapotea. Daktari Joseph Goldberger akaonyesha kuwa chanzo ni chakula, na mwaka 1937 ikajulikana kuwa kilichokosekana ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Upungufu wa B12 nao huweza kumvuruga mtu akili, hasa mzee. Ndiyo sababu daktari mwangalifu huagiza damu ipimwe, na ikionekana pungufu, vitamini ni dawa yake.

Lakini je, yafuata kuwa kila wazimu ni upungufu? Huko Kanada, miaka ya 1950, madaktari Abram Hoffer na Humphry Osmond waliwapa wagonjwa wa skizofrenia niasini kwa wingi, wakasema inawafaa. Mwaka 1968 Linus Pauling, bingwa wa kemia mwenye Tuzo ya Nobel, akaliunga mkono wazo la kutibu akili kwa vitamini nyingi. Wengine walipoijaribu tiba hiyo kwa makini hawakuona manufaa yaliyodaiwa, na mwaka 1973 jopo la Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani likaikataa. Wala vitamini si kitu cha kunywa bila kipimo: B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi.

Sikatai kuwa dawa za hospitali zina taabu zake. Mikono hutetemeka, shingo hukakamaa, mwili hunenepa, usingizi huzidi. Mgonjwa alalamikaye ana haki, nasi humwambia avumilie, kisha twashangaa akivitema vidonge. Malalamiko hayo yapelekwe kwa daktari. Yeye aweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza ya kulegeza mkakamao. Na kwa msahaulifu iko sindano ya kila mwezi.

Mwezi wa Ramadhani ndio unaonitia hofu zaidi. Wako waachao dawa kwa kuichelea saumu. Baadhi ya dawa zaweza kuhamishiwa futari na daku, kwa kauli ya daktari. Litiamu, mojawapo ya dawa za akili, yahitaji hadhari zaidi: mwili ukipungukiwa maji kwa joto letu hili, hujaa damuni ikawa sumu. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, katika Sura ya al-Baqara, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa.

Sisemi mgonjwa asisomewe. Asomewe, aombewe, akumbatiwe na watu wake. Waliotutangulia katika dini hawakuitenga dua na utabibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Kairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Basi nawaomba masheikh wetu: kabla ya kusoma, muulizeni mgonjwa dawa zake, na mmuusie asiziache. Sauti yenu yaingia penye milango ambayo daktari haijui.

Nanyi wenye maduka ya dawa, akija mama kutafuta vitamini ya mwanawe aliyeugua akili, muulizeni kwanza mtoto anatumia nini.

Nawe uliye na mgonjwa nyumbani, usimwachishe dawa ghafla kwa neno la jirani. Ikiwa ameshaacha, usimrudishie kipimo cha zamani kwa kukisia. Mpeleke kliniki wiki hii, na kila anachokunywa ukibebe, vidonge na chupa pamoja, daktari avione vyote.